Ramani ya Upakiaji: Ufunguo wa Kusomea Dampu ya Kompyuta Kuu

Programu ya mishahara inapokatika usiku wa mwisho wa mwezi, kompyuta kuu haitaji jina la mtumishi ambaye hesabu yake imeharibika. Hutoa msimbo mfupi, kwa mfano 0C7, na pamoja nao kurasa nyingi zilizojaa tarakimu. Kurasa hizo huitwa dampu: ni nakala ya kumbukumbu ya kompyuta kama ilivyokuwa katika nukta ile ya kukatika. Kila kinachotakiwa kimo humo, lakini hakina jina. Kazi ya ramani ya upakiaji ni kuzirudishia tarakimu hizo majina yake.

Somo hili linaeleza jinsi ramani hiyo inavyotayarishwa na kutumiwa katika mashine za IBM za ukoo wa System/360, ulioanzishwa mwaka 1964, ambao warithi wake wangali wanafanya kazi katika mabenki na idara za serikali nchi nyingi.

1. Kwa nini anwani hubadilika

Programu kubwa haiandikwi kwa kipande kimoja. Huandikwa sehemu sehemu, kila sehemu ikiwa na jina lake, kisha programu ya kuunganisha huzifunga pamoja ziwe moduli moja. Ndani ya moduli, kila sehemu hupewa umbali wake kutoka mwanzo, na umbali huo huhesabiwa kwa baiti. Moduli inapopakiwa katika kumbukumbu, huwekwa popote penye nafasi. Leo yaweza kuanzia anwani moja, kesho nyingine. Umbali wa ndani haubadiliki. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo kanuni ya msingi ni hii:

umbali = anwani iliyo katika dampu − anwani ya kuanzia moduli

Yafaa ikumbukwe kwamba anwani hizi huandikwa kwa namba za kizio cha kumi na sita, ambamo A ni 10, B ni 11, na kuendelea hadi F ambayo ni 15.

2. Kuitayarisha ramani

Programu ya huduma iitwayo AMBLIST, ambayo imo katika mfumo wa z/OS hata leo, husoma moduli iliyohifadhiwa na kuchapa ramani yake. Tuseme moduli inaitwa MSHAHARA. Amri zinazohitajika ni hizi:

//RAMANI EXEC PGM=AMBLIST
//SYSPRINT DD SYSOUT=A
//SYSLIB DD DSN=MALIPO.LOADLIB,DISP=SHR
//SYSIN DD *
  LISTLOAD OUTPUT=XREF,MEMBER=MSHAHARA
/*

Mstari wa SYSLIB hutaja maktaba ilimohifadhiwa moduli. Amri ya LISTLOAD huagiza ramani, na neno XREF hutaka pia orodha ya marejeo, yaani sehemu ipi inaitaja ipi. Kwa mfano wetu wa kufundishia, ramani yaonyesha hivi:

Sehemu — Mwanzo — Urefu
ANZA — 0000 — 600
SOMA — 0600 — C00
KODI — 1200 — 5A0
CHAPA — 17A0 — 4C0

3. Kutoka tarakimu hadi jina

Msimbo 0C7 maana yake ni kwamba amri ya hesabu za desimali imekuta data isiyo namba halali. Kisa cha kawaida ni uwanja ulioachwa wazi. Nafasi tupu huhifadhiwa kama 40, na nusu ya mwisho ya baiti, ambayo ingepaswa kuwa alama ya kujumlisha au kutoa, huwa 0. Sifuri si alama.

Dampu huonyesha anwani ya amri inayofuata ile iliyokosea, pamoja na urefu wa amri iliyokosea. Tuseme anwani ni 0007A4BE na urefu ni baiti 6. Basi:

7A4BE − 6 = 7A4B8

Dampu hiyo hiyo huorodhesha moduli zilizopakiwa. MSHAHARA imeanzia 00079000:

7A4B8 − 79000 = 14B8

Katika ramani, 14B8 iko baada ya 1200 na kabla ya 17A0. Sehemu yenye kosa ni KODI, na umbali ndani yake ni 14B8 − 1200 = 2B8, yaani baiti 696. Mchunguzi sasa hufungua orodha ya programu ya KODI mahali pa 2B8 na kusoma amri yenyewe. Kama ni amri ya kujumlisha desimali, baiti yake ya kwanza katika dampu itakuwa FA. Huo ni uthibitisho kwamba hesabu yake ni sahihi.

Mashine yaweza kubebeshwa sehemu ya kazi hiyo. Maneno RELOC=00079000 yakiongezwa, baada ya koma, mwishoni mwa amri ya LISTLOAD, AMBLIST hujumlisha anwani hiyo kwa kila mstari, na KODI itaonekana ikianzia 7A200. Hapo ramani na dampu husomwa sambamba bila kutoa. Lakini anwani ya RELOC lazima itoke katika dampu inayochunguzwa, si katika dampu ya jana.

4. Hatari ya ramani iliyopitwa

Ramani isiyolingana na moduli ni mbaya kuliko kukosa ramani, kwa kuwa hujibu kwa uhakika uleule huku ikidanganya. Tuseme zamani SOMA ilikuwa na urefu wa 800, kisha ikaongezwa hadi C00. Katika ramani ya zamani KODI inaanzia 0E00 na CHAPA inaanzia 13A0. Anwani 14B8 sasa inaangukia CHAPA. Mchunguzi atakesha akiirekebisha sehemu isiyo na hatia, kosa litabaki KODI, na watumishi watangoja mishahara.

Kinga yake ni rahisi. Ramani itayarishwe kutokana na moduli ileile iliyokuwa ikifanya kazi wakati wa kukatika, kabla mtu hajaiunganisha upya. Amri ya LISTIDR ya AMBLIST huonyesha tarehe ambayo kila sehemu ilitafsiriwa. Tarehe hizo zilinganishwe na zile za orodha za programu zilizo mezani. Zikitofautiana, uchunguzi usimame.

Maswali

1. Dampu ya MSHAHARA iliyopakiwa 00079000 yaonyesha anwani 00079A14, na urefu wa amri ni 6. Kosa liko katika sehemu ipi, na umbali gani ndani yake?
2. Ramani ikitolewa kwa RELOC=00085000, CHAPA itaonyeshwa ikianzia anwani gani?
3. Eleza kwa nini ramani ya zamani bado ingetoa jibu sahihi kwa kosa lililomo ndani ya ANZA.

Majibu: (1) SOMA, umbali 40E. (2) 867A0. (3) ANZA iko kabla ya SOMA, hivyo kurefuka kwa SOMA hakukuisogeza.