Dondoo muhimu: Simu ya mwajiri ikiita

Ukishatuma maombi ya kazi, pokea kila namba ngeni kama ya ofisini. "Nani mwenzangu?" haifai, jitaje jina, salimia, sikiliza. Ikikukuta ndani ya daladala, usishindane na konda kwa sauti. Omba dakika kumi, shuka, upige wewe. Salio liwepo.

Andika papo hapo siku na mahali pa usaili, na jina la aliyekupigia, kisha msomee ulichoandika. Saa ndiyo mtego wenyewe. Akisema "saa nne", uliza: ni saa nne asubuhi, au amesoma 4:00 kwenye ratiba ya Kiingereza, yaani saa kumi jioni? Kuuliza hakukupunguzii kitu; kufika ofisi inafungwa kunakupunguzia.

Barua pepe: kichwa kitaje nafasi unayoomba, na faili la wasifu libebe jina lako, si "CV mpya ya mwisho 2". Ile anwani ya utani ya enzi za sekondari istaafu.

Mbele ya jopo la usaili, salamu moja yatosha. Shikamoo kwa mtu mzima si kosa, ila usiigawe kiti kwa kiti kama uliyeingia msibani.