SOMO: WAISLAMU NA UJENZI WA TAIFA BAADA YA UJAMAA

Soma: Yeremia 29:4–7



Yeremia aliwaagiza wale waliohamishwa Babeli wautakie amani mji wa wageni, kwa kuwa amani ya mji ule ndiyo itakayokuwa amani yao.

TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, Mwalimu Nyerere, Mkristo, aliungwa mkono na wazee Waislamu wa Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha (1967) Serikali ilitaifisha shule nyingi za dini. Kanisa liliona uchungu, na Waislamu pia. Lakini watoto wetu na wao walikaa dawati moja. Sisi walimu tuliwaona.

Ujamaa ulipolegezwa, hasa kwa Azimio la Zanzibar (1991), dini zilipata tena nafasi ya kujenga. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilifunguliwa 2005, katika majengo yaliyotolewa na Serikali ya Rais Mkapa. Chuo Kikuu chetu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, kilifuata 2007. Mkristo akikifurahia kimoja na kunung'unikia kingine, hajamwelewa Yeremia. Mwalimu atokaye Morogoro atafundisha watoto wetu pia.

Basi tujenge, wao na sisi, ila lile dawati moja tusilivunje.

Maswali ya kujadili:

1. Hapa Mpwapwa ni kazi gani tunaweza kuifanya pamoja na jirani zetu Waislamu?

2. Je, mtoto wako ana rafiki Mwislamu? Umewahi kumkaribisha nyumbani?

Tuwaombee jirani zetu kwa majina yao.