Ute wa Tumbo Hautoki kwenye Bamia

Wasomaji kadhaa wa Mbagala, Tandika na Mwananyamala: Je, maji ya bamia au mlenda hurudisha ute wa tumbo uliokwisha?

Hayarudishi. Dai hili huuzwa kwa chupa mitaani, na wapo wagonjwa wanaoacha dozi kwa ajili yake. Ute wa tumbo haunywewi. Hutengenezwa na seli za ukuta wa tumbo lenyewe. Kiini chake ni musini, protini ndefu iliyovikwa minyororo ya sukari, na sukari hizo ndizo sehemu kubwa ya uzito wake. Katika tumbo lenye afya seli za juu hutoa musini iitwayo MUC5AC, na tezi zilizo ndani zaidi hutoa MUC6. Kinyama kilichokatwa tumboni kikipakwa rangi maalumu maabara, kila moja huonekana mahali pake. Seli hizo za juu humwaga pia bikaboneti ndani ya ute, hivyo upande wa ukuta asidi hupoa ingawa katikati ya tumbo ni kali. Utelezi wa bamia ni wanga wa mmea. Hupita hadi utumbo mpana, ambako bakteria huuchachusha. Hakuna seli inayouchukua ikaugeuza musini. Bamia ni mboga nzuri. Iliwe na ugali.

Pilipili hutoboa ute?

Hapana.

Kwa nini tumbo huwaka baada ya vidonge vya mgongo, hata vikimezwa na chakula?

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia prostaglandini, kemikali zinazochochea seli kutoa ute na bikaboneti. Chakula hakiondoi hatari hiyo, kwa kuwa dawa huzifikia seli kwa njia ya damu pia. Hata sindano hudhuru. Mbeba mizigo au dereva wa bodaboda anayenunua vidonge hivyo kila jioni kwenye duka la dawa anahitaji daktari, na choo kikiwa cheusi kama lami aende siku hiyohiyo.

Bakteria wa vidonda vya tumbo anapenyaje?

Helicobacter pylori, aliyewapatia Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, huvunja urea na kutoa amonia. Asidi inayomzunguka hupungua, musini iliyoganda hulegea, naye huogelea hadi kwenye seli. Hung'ang'ania sukari za MUC5AC. Sukari za MUC6 humzuia kukua, kama watafiti wa Japani walivyoonyesha mwaka 2004, ndiyo maana ni nadra kumkuta ndani kabisa ya tezi.

Majibu ya kinyama yanasema ukuta wa tumbo umegeuka kuwa kama wa utumbo. Ni saratani?

Si saratani. Baada ya miaka mingi ya maambukizi tezi husinyaa, na mahali pake huota seli za aina ya utumbo zinazotoa MUC2, musini ambayo tumbo lenye afya halina. Ni hatua mojawapo ya njia iendayo kwenye saratani, na wengi hawafiki mwisho wake. Bakteria auawe kwa dozi kamili, na daktari apange kama kipimo cha kamera kirudiwe. Kulipuuza jibu hilo ni hatari. Kumwambia mgonjwa kwamba ana saratani ni uongo.

Dozi imekwisha, kipimo cha damu bado kinamwonyesha bakteria.

Kipimo hicho husoma kingamwili, ambazo hudumu muda mrefu baada ya bakteria kufa. Kipimwe choo au pumzi, angalau wiki 4 baada ya antibiotiki kwisha na wiki 2 bila dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli.