Kalamu ya Wino: Baina ya Masimulizi na Ushahidi

Neno kalamu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kiyunani, ambako lilimaanisha mtete. Mtete uliochongwa ncha, kisha unyoya wa ndege na nibu ya chuma, vyote vilikuwa na kasoro moja: mwandishi alilazimika kuchovya wino kila baada ya maneno machache. Kalamu ya wino, yaani ile ibebayo wino tumboni mwake, ilikusudiwa kuiondoa kasoro hiyo. Makala haya yanachunguza jinsi historia yake inavyosimuliwa na jinsi wakusanyaji wa kalamu kuukuu wanavyosaidia kuipima.

Simulizi kongwe linatoka Afrika Kaskazini. Kadhi al-Nu'man, aliyefariki mwaka 974, ameandika kuwa khalifa wa Kifatimi, al-Mu'izz, aliagiza kalamu itakayohifadhi wino ndani yake, isichafue mikono wala kuvuja hata ikigeuzwa juu chini. Fundi akaitengeneza kwa dhahabu. Maandishi yapo, kalamu yenyewe haipo.

Hali ya Mmarekani Lewis Edson Waterman ni kinyume. Kalamu zake zimesalia kwa wingi, ila kisa chake ndicho kinachotiliwa shaka. Husimuliwa kwamba, akiwa wakala wa bima, alimpa mteja kalamu atie sahihi. Wino ukamwagika juu ya mkataba, na alipokwenda kuleta mwingine, mshindani akamwahi. Kisa hiki kina shujaa, hasara, adui na kifaa cha ajabu mwishoni. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua ngano hiyo mara moja. Nao watafiti miongoni mwa wakusanyaji, walipopekua matangazo ya mwanzo ya kampuni yake, hawakukikuta humo. Kilienezwa baadaye, katika karne ya 20.

Lisilo na shaka ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi, aliyopewa tarehe 12 Februari 1884. Wino hauwezi kutoka katika chumba kilichozibwa bila hewa kuingia mahali pake. Kalamu nyingi za awali ama zilikauka kwa kukosa hewa, ama ziliipokea kwa wingi zikamwaga wino. Waterman aliweka kando ya nibu kipande chenye mfereji, na ndani ya mfereji akachanja mikato miembamba sana. Wino ulitambaa katika mikato hiyo kwa sababu ya wembamba wake, huku hewa ikipanda kupitia mfereji uo huo.

Tarehe hiyo imechapwa ubavuni mwa kalamu nyingi za Waterman, pamoja na ile ya 4 Novemba 1884. Hapo ndipo mkusanyaji mgeni hujikwaa. Hudhani amepata kalamu ya 1884, ilhali tarehe ni ya hataza, na kampuni iliendelea kuichapa kwa miaka mingi. Namna ya ujazaji husema zaidi: kalamu za awali zilijazwa kwa bomba dogo la kudondoshea matone, zenye wenzo ubavuni, uvumbuzi ambao Walter Sheaffer aliupatia hataza mwaka 1908, ni za baadaye.

Tatizo ni kwamba mpira mgumu mweusi uliotumiwa kuziunda hugeuka kahawia kwa mwanga na maji. Baadhi ya wauzaji huusugua mpaka ung'ae, na kila msuguo hula herufi kidogo. Kalamu ya namna hiyo humvutia mnunuzi kuliko ile iliyochakaa, hali maandishi yake yamekwisha kufutika.