Kabla Hujalipia Pete ya Almasi

Dukani kito huwekwa juu ya kitambaa cheusi, chini ya taa kali, na hapo hata kioo kilichokatwa vizuri hung'aa. Omba ukitazame kito mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kisha dai cheti. Cheti cha GIA, taasisi ya Marekani, hutaja uzito, rangi, usafi na ukataji. Lakini karatasi peke yake haimlindi mnunuzi, maana cheti halali kinaweza kuambatanishwa na kito kingine. Almasi nyingi zenye cheti huchorwa namba kwa leza ukingoni, ndogo mno kwa jicho tupu. Mwombe sonara lenzi ya kukuza mara 10, uisome namba hiyo mwenyewe, uilinganishe na ya kwenye cheti, halafu uihakiki kwenye tovuti ya taasisi hiyo. Kito kikishafungwa kwenye pete, vishikizo huweza kuifunika namba, kwa hiyo ni heri uchague kito kikiwa bado huru. Namba zisipolingana usilipe, hata upewe punguzo gani.

Karati 1 ni gramu 0.2 tu. Bei huruka uzito unapofika karati kamili, ilhali kito cha 0.90 kidoleni hakitofautiani sana na cha karati 1. Sisi tunashauri pesa iende kwenye ukataji, kwa kuwa ndio unaoleta mng'ao.

Almasi ya maabara ni almasi kweli, na kifaa cha sonara cha kupima almasi kwa joto hakiwezi kuitenganisha na iliyochimbwa mgodini Mwadui, Shinyanga. Kuinunua si kosa. Dhuluma ni kutozwa bei ya ile ya ardhini. Bei za almasi ya maabara zimeshuka sana miaka ya karibuni, basi usiichukulie kuwa akiba. Moisanaiti, kito kinachofanana na almasi, si almasi kabisa, ila nayo huweza kukipita kifaa hicho.

Anayekunong'onezea barabarani kwamba ana jiwe ghafi kutoka Shinyanga, achana naye. Nchini Tanzania, kununua almasi ghafi bila leseni ni kosa la jinai.

Dai risiti ya mashine ya kodi ya EFD. Iandikwe "almasi ya asili" au "almasi ya maabara", uzito, namba ya cheti, na kiwango cha dhahabu: muhuri wa 750 ndani ya pete ni dhahabu ya karati 18. Ukidanganywa, risiti hiyo ndiyo utakayoipeleka Tume ya Ushindani.