Umri, Kizazi na Tumbo: Kwa Nini Wazee Wetu Hawaioni Siasa Kama Sisi



Ndugu zangu wanafunzi, muhula uliopita nilialikwa kutoa darsa katika msikiti wa kampasi. Baada ya swala ya Isha kijana mmoja wa mwaka wa pili aliinua mkono akauliza: "Ustadh, tumesoma matoleo ya zamani ya jarida hili. Mlipokuwa hapa mliandika siasa bila woga. Leo mna kazi na magari, na hatuwasikii. Mlielimika au mlichoka?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikajibu kwamba umri huleta hekima. Lilikuwa jibu la kukwepa, na njia nzima ya kurudi nyumbani liliniuma. Jibu nililopaswa kumpa ni hili.

Nianze na baba yangu, Allah amrehemu. Sisi ni Wanubi wa Bombo. Mwaka 2005 nilikuwa na miaka 21, mwanafunzi kama nyinyi. Ndio mwaka ambao Bunge letu la Uganda liliondoa ukomo wa mihula ya urais, na mwezi wa Julai tukapiga kura ya maoni kurudisha vyama vingi. Nilirudi nyumbani likizo nikiwa na moto. Nilimweleza mzee katiba kifungu kwa kifungu. Yeye alikuwa fundi cherehani, alinisikiliza huku anakanyaga mashine yake, kisha akasema, "Mwanangu, mimi usiku nalala. Wewe hujui maana ya kutolala." Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwita mtu aliyeuza haki yake kwa usingizi. Hatukusemezana mpaka karibu na Ramadhani.

Nilidhani tofauti yetu ni umri: yeye mzee, amepoa; mimi kijana, damu inachemka. Hivyo ndivyo wengi wanavyodhani. Kuna hata usemi mashuhuri unaosema kuwa kijana asiyetaka mageuzi hana moyo, na mzee anayeendelea kuyataka hana akili. Watu humbandikia Churchill usemi huo, wala hakuna ushahidi kwamba ni wake. Churchill mwenyewe aliingia Bunge la Uingereza mwaka 1900 akiwa Mhafidhina, akahamia chama cha Liberali mwaka 1904, na baada ya miaka kama ishirini akarudi alikotoka. Ukimtumia yeye kuthibitisha kwamba umri hugeuza watu upande mmoja tu, utahangaika.

Wanaosoma elimu ya jamii wanatufundisha kutenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya. Kuna umri wenyewe: mtu anapata mke, watoto, karo, maumivu ya mgongo, na vipaumbele vyake vinabadilika. Kuna kipindi: tukio kubwa, kama vita au maradhi, linawagusa wote kwa pamoja, wazee na vijana. Halafu kuna kizazi. Karl Mannheim, msomi aliyezaliwa Budapest, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1928. Hoja yake kuu ni kwamba yale yanayompata mtu anapoingia utu uzima, tuseme kati ya miaka 17 na 25, yanakuwa msingi, na yote yanayokuja baadaye hupimwa kwa msingi huo. Mzee na kijana wanaweza kukaa mkeka mmoja, wakasikiliza redio moja, na bado kila mmoja akasikia habari yake.

Sasa mrudishe baba yangu hapo. Mwezi wa Aprili 1979, jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala na Amin akakimbia, baba alikuwa na miaka 20. Hakuwa askari, hakuwahi kushika bunduki. Lakini alikuwa Mnubi na Mwislamu, na katika miezi ile hayo mawili yalitosha. Alikimbia kwa miguu na kwa lori kupitia Arua hadi Sudan. Mimi nimezaliwa ukimbizini, na tulirudi Bombo baada ya 1986. Kwa mtu wa namna hiyo, swali la kwanza la siasa si nani anatawala kwa muda gani. Swali la kwanza ni kama leo usiku mlango utagongwa. Hakuwa amepoa kwa uzee; alikuwa na msimamo huo tangu akiwa na umri wenu. Mimi ndiye niliyeona uzee mahali palipokuwa na kumbukumbu.

Hii ndiyo sababu mabishano mengi ya siasa majumbani mwetu hayaendi popote. Waganda wengi walio hai leo walizaliwa baada ya 1986. Unapomwambia kijana wa miaka 20 kwamba ashukuru amani, unamwomba akumbuke kitu ambacho hakukiona. Na yeye anapomwambia babu yake kwamba ajira na haki ni muhimu kuliko amani ya kulala, babu anasikia mtoto anayecheza na kiberiti. Sisemi kwamba wote wawili wana haki sawa katika kila jambo. Nasema kwamba kabla ya kumwita mtu mwoga, muulize alikuwa wapi alipokuwa na miaka 20.

Lakini msingi huo unadumu vipi? Hapa kuna utafiti mmoja ninaoupenda sana. Chuo cha Bennington, katika jimbo la Vermont huko Marekani, kilifunguliwa mwaka 1932 kikiwa chuo cha wanawake. Wengi wa wasichana wale walitoka familia zenye uwezo, za upande wa Republican. Walimu wao wengi walikuwa vijana wenye kupenda mageuzi ya Roosevelt. Mtafiti Theodore Newcomb aliwafuatilia. Katika uchaguzi wa 1936, asilimia 62 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimtaka Landon, mgombea wa Republican, sawa na baba zao. Miongoni mwa wale wa miaka ya mwisho walikuwa asilimia 15 tu. Hayo ni mageuzi makubwa, nanyi mtasema ni moto wa ujana, utazimika wakiolewa. Newcomb na wenzake waliwatafuta tena baada ya zaidi ya miaka ishirini, na wengine wakawatafuta mara ya tatu katika miaka ya 1980. Wengi hawakurudi kwenye siasa za baba zao.

Sababu moja kubwa aliyoiona Newcomb ni kampani. Wengi waliolewa na wanaume wenye fikra kama zao, wakachagua marafiki wenye fikra hizo. Aliyeingia katika mazingira yanayopingana na fikra zake, huyo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kugeuka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu hufuata njia ya rafiki yake, basi atazame anafanya urafiki na nani. Tumezoea kuitumia hadithi hiyo kwa mambo ya sigara na wasichana. Itumieni pia mtakapopata kazi na kuanza kuchagua meza ya kula chakula cha mchana.

Kwa hiyo, kijana aliyeniuliza, siwezi kujificha nyuma ya umri. Umri peke yake haunyamazishi watu. Ila kuna mabadiliko ya kweli, na kuna mabadiliko ya tumbo, na yote mawili yanavaa kanzu ya hekima. Tunayatenganishaje?

Mtazame Malcolm X, al-Hajj Malik el-Shabazz. Kwa miaka mingi alifundisha kwamba mzungu kwa asili yake ni shetani. Machi 1964 akajitoa katika Nation of Islam, Aprili akaenda Hija, na kutoka Makka akaandika kwamba alikula na kuswali na watu weupe kama ndugu. Alikuwa anakaribia miaka 39. Angalia kilichobadilika na kilichobaki. Hukumu yake juu ya rangi ya watu ilibadilika. Kudai kwake haki za watu weusi hakukupungua hata kidogo, na Julai mwaka huohuo alikuwa Cairo kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika akiwaomba waipeleke kesi ya Wamarekani weusi Umoja wa Mataifa. Na angalia gharama. Februari 1965 nyumba aliyolala na wanawe ilitiwa moto, na wiki moja baadaye, tarehe 21, akauawa.

Gharama si kipimo kamili. Mtu anaweza kulipa ghali kwa ajili ya batili, na mwingine akasema kweli na akapandishwa cheo. Lakini mtu ambaye kila badiliko la msimamo wake limemwongezea kitu, ana haja ya kujihoji.

Kipimo cha pili nimekipata kwa Sayyidna Umar (r.a.). Alipokuwa khalifa alihukumu kesi ya mirathi kwa namna moja. Baadaye ikaja kesi kama ile, akahukumu kwa namna nyingine. Alipoulizwa hakuificha hukumu ya kwanza wala hakudai kwamba hakueleweka. Alikiri kwamba ile ilikuwa hukumu ya wakati ule na hii ni ya sasa. Aliyebadilishwa na dalili husema: nilikuwa pale, sasa niko hapa, na sababu ni hii. Aliyebadilishwa na tumbo husema alikuwa hapa siku zote. (Kuna mfano wa karibu sana ambao kila Mganda anaujua. Nimeuandika mara mbili na mara mbili nimeufuta. Kijana wangu, hilo nalo ni sehemu ya jibu.)

Wala si lazima mtu awe mwongo. Nchini Marekani watu walioulizwa misimamo yao ya siasa mwaka 1973 waliulizwa tena mwaka 1982, na wakaombwa wakumbuke walivyojibu mara ya kwanza. Wengi walikumbuka msimamo wao wa zamani kuwa karibu na ule wa sasa kuliko ulivyokuwa kweli. Tunabadilika na hatujui kama tumebadilika. Kwa sababu hiyo nawashauri mnunue daftari. Andikeni leo, kwa tarehe, mnaamini nini juu ya utawala, mali ya umma na haki ya jirani asiye wa dini yenu, na ni dalili gani ingewabadilisha.

Mimi ninalo langu la 2005. Nimelifungua baada ya darsa ile. Nimekuta kurasa nne za kuwatukana wazee. Hizo nimezikana, na sababu ninazo. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, mtu aliyefika miaka arubaini anaomba aongozwe kushukuru neema alizopewa yeye na wazazi wake. Nimevuka arubaini. Baba amekufa kabla sijamwomba radhi kwa maneno yale ya cherehani.

Lakini ukurasa wa tano una mstari mmoja: sitanyamaza mali ya wakfu ikiliwa. Mwaka jana wazee wa mtaani kwetu waliandika barua ya malalamiko kuhusu kiwanja cha madrasa kilichouzwa kinyemela. Waliniletea nitie saini, kwa kuwa mimi ni msomi wao. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unangoja kuongezwa, na aliyenunua anajuana na wakubwa zangu. Nikawaambia tusiharakishe, tutumie busara. Nina mkopo wa Sacco na watoto watatu shuleni. Hakuna dalili mpya niliyoipata juu ya kile kiwanja.

Barua ile bado anayo mwalimu wa madrasa. Nimempigia simu Alhamisi. Amesema nitamkuta baada ya Ijumaa.