Maneno Yako Mahakamani: Nani Anayaandika, na Nani Anamsimamia?

Maelezo haya ni kwa wakazi wa Jiji la Arusha, Arumeru na vijiji vya mlima Meru wanaofika mahakamani wakiwa mashahidi, washtakiwa au wadaawa, yaani watu wenye shauri la madai.

Je, Tanzania ina waandishi wa kumbukumbu za mahakama wenye leseni ya serikali?

Hapana. Jimbo la California, Marekani, lina bodi ya kuwapa leseni tangu 1951, lakini kwetu jukumu la kuandika kumbukumbu lipo kwa jaji au hakimu mwenyewe. Ushahidi anauandika yeye, au unaandikwa mbele yake akiusimamia, na makarani wanaomsaidia ni watumishi wa Mahakama wanaobanwa na nidhamu ya utumishi wao.

Mbona hapa Arusha tuliwahi kuona wataalamu wa kunukuu kila neno?

Ni kweli, walikuwepo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kufungwa Desemba 31, 2015, ilikuwa na wanukuzi wa Kiingereza na Kifaransa. Iliwaajiri yenyewe, si kwa leseni ya Tanzania. Kumbukumbu zake sasa zinatunzwa Lakilaki na chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zake.

Kwa nini hakimu haandiki kila ninachosema?

Sheria inamruhusu kuandika ushahidi kama maelezo mfululizo badala ya swali na jibu. Kwa hiyo sema polepole, na taja tarehe, majina na mipaka ya shamba kwa ukamilifu. Akikuomba usubiri amalize kuandika, subiri. Hiyo ndiyo kumbukumbu itakayosomwa na mahakama ya rufaa.

Nitajuaje kwamba kilichoandikwa ndicho nilichosema?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na wengi hutoka mahakamani bila kuliuliza. Katika kesi za jinai kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, hakimu anapaswa kumweleza kila shahidi kwamba ana haki ya kusomewa ushahidi wake. Ukiomba, utasomewa, na maoni utakayotoa yataandikwa. Kuomba si utovu wa heshima. Inatosha kusema, "Mheshimiwa, naomba nisomewe ushahidi wangu."

Omba hapo hapo, kabla hujaondoka. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba kumbukumbu za mahakama huchukuliwa kuwa za kweli na hazipingwi kirahisi, hivyo kusahihisha baadaye ni kazi ngumu.

Saini ya hakimu ina uzito gani?

Uzito mkubwa. Hakimu hutia saini mwishoni mwa ushahidi wa kila shahidi, na Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yote yaliyotendeka mahakamani) kwa sababu saini hizo hazikuwepo.

Na kama mzazi wangu anazungumza Kimeru au Kimaasai tu?

Iambie mahakama mapema ili apatikane mkalimani, naye huapishwa kabla ya kuanza. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, isipokuwa pale ambapo haki inahitaji Kiingereza kitumike. Zamani mashahidi wengi walisema Kiswahili huku hakimu akiandika Kiingereza.

Wapo wanaosema kurekodi kwa sauti si halali. Ni kweli?

Wasiwasi huo unaeleweka, kwa kuwa ni jambo geni kwa wengi. Kanuni za 2021 zimeruhusu mahakama kusikiliza mashauri kwa njia ya mtandao na kurekodi kwa vifaa vya kielektroniki. Ruhusa hiyo ni ya mahakama. Wewe usirekodi kwa simu yako bila idhini.

Inasemekana nakala ya mwenendo haipatikani bila "kumwona" karani.

Uvumi huu umeota mizizi kwa sababu kuchapa mwandiko wa mkono huchukua muda. Njia sahihi ni kuandika barua ya maombi mapema na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ni kinga yako. Kwa rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio hutolewa ndani ya siku 10 na sababu za rufaa ndani ya siku 45, lakini muda uliohitajika kupata nakala hauhesabiwi katika hizo 45.

Nikiombwa rushwa, au hakimu akikiuka maadili?

Kwa rushwa, piga simu TAKUKURU namba 113, bila malipo. Kwa ukiukaji wa maadili wa hakimu, peleka malalamiko kwa Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama. Ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya, ya mkoa na Mkuu wa Mkoa. Usipeleke huko manung'uniko kuhusu hukumu yenyewe: hukumu hupingwa kwa rufaa.